MAJIRANI KIAMUNYI (Maji, Usalama, Miti)

*Jumanne*

Mama Nimo 18:04
Majirani hamjambo. Tarehe 3 Machi ni siku ya Wangari Maathai, yule mama wa miti, Umoja wa Afrika wenyewe ndio waliitenga. Kitalu cha Njoro kina miche 60 tayari. Tunapanda kutoka geti hadi uwanja wa watoto. Kila nyumba shilingi 300. Tumeni leo, si kesho.

Mama Nimo 18:41
Watu 31 wamesoma. Thelathini na mmoja!

Wafula Nambari 9 18:55
👍🏾

Mama Nimo 18:55
Wafula, kidole si pesa.

Wafula Nambari 9 18:57
Kidole kimetangulia, pesa iko njiani na boda 😂

Mwalimu Achieng' 19:12
Hongera Mama Nimo. Ila kwa yale mabango umeandika "mwanaharakati" peke yake. Huyo mama alikuwa mwanasayansi kwanza, watoto wajue. Baiolojia Kansas 1964, shahada ya pili Pittsburgh 1966, na 1971 udaktari Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati. Anatomia ya mifugo: jinsi viungo vya uzazi vya ng'ombe vinavyojijenga.

Mwalimu Achieng' 19:16
Na hiyo kazi ya hadubini si mchezo. Kipande cha nyama unakilaza kwenye fomalini kisioze. Unakipitisha kwenye alkoholi, unaanza asilimia 70, unapanda hadi 100, maji yatoke yote. Halafu saileni, kemikali ya kuondoa hiyo alkoholi, halafu nta ya moto. Ikishaganda unakata vipande vyembamba vya mikroni 5 hivi, yaani milimita moja inakupa vipande 200. Maji yakibaki ndani, nta haiingii na kipande kinachanika kwa kisu. Unaanza upya.

Wafula Nambari 9 19:18
Mwalimu hiyo ni matumbo ya wapi, na inaliwa na ugali?

Baba Otis Kisumu 19:19
😂😂😂

Mama Nimo 19:20
Jamani. MIA TATU.

Mwalimu Achieng' 19:24
Chekeni. Hata miti ilianzia kwa kupe. Alikuwa anachunguza ndigana, ule ugonjwa unaoenezwa na kupe wa masikio. Kwenda mashambani kuwakusanya, akaona mito imejaa udongo, nyasi zimeisha, ng'ombe mbavu nje. Akaona kinachomaliza hao ng'ombe ni ardhi iliyoachwa uchi kuliko hata kupe. 1977 akaanza na miti saba pale Kamukunji.

Kiprono 20:02
Samahani nimechelewa kuona. Mama Nimo, 3 Machi ni kiangazi. Mvua ndefu hapa Nakuru tunaingoja mwisho wa Machi au Aprili. Huu udongo wetu wa volkano haushiki maji, mwagia jerikeni leo, keshokutwa ni vumbi. Ukipanda tarehe tatu, kufikia Aprili umebaki na vijiti.

Kiprono 20:06
Tarehe tatu tuchimbe mashimo. Futi mbili kwa mbili, kina futi mbili. Udongo wa juu kando moja, wa chini kando nyingine. Mvua ikishalowesha ardhi kama futi moja kwenda chini, ndio tunapanda: udongo wa juu unarudi kwanza pamoja na debe moja la samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi itaunguza mizizi na kuita mchwa.

Mama Nimo 20:08
Kiprono, MCA, mwakilishi wetu wa wadi, ameshakubali kuja. Nitamwita aje kuangalia mashimo?

Wafula Nambari 9 20:09
Si ameyazoea, barabara yetu imejaa 😂

Mama Brayo 20:31
Kabla ya hiyo 300, tuambiwe kwanza ile pesa ya seng'enge.

Mama Nimo 20:33
Ripoti nilituma.

Mama Brayo 20:33
Kwa grupu gani?

Mama Nimo 20:34
Mama Brayo usianze. Na ile miche ya uwanjani ililiwa na mbuzi wa nani?

Mama Brayo 20:35
Mbuzi hula mahali hakuna seng'enge.

*Ujumbe huu umefutwa*

Kiprono 20:50
Tuendelee. Hiyo miche 60 ni ya aina gani?

Mama Nimo 20:52
40 grevilea, 20 mikaratusi. Inakua haraka.

Kiprono 20:55
Mikaratusi hapana, inanyonya maji mengi, na huo mtaro unaelekea mto Njoro ambao tayari hauna maji. Badilisha na miti ya kienyeji, mutamaiyu na mukinduri. Muringa pia, lakini si chini ya nyaya za stima, ule unatanuka. Na kila mche uchunguzwe chini: ukikaa sana kwenye kifuko mizizi inajizungusha. Kata huo mviringo kwa wembe. Ukiupanda hivyo unasimama vizuri mwaka mmoja, halafu upepo unaung'oa.

Mwalimu Achieng' 21:03
Na mabango yasiwe ya mbao tafadhali. Huyo mama mwenyewe alikataa jeneza la mbao. 2011 alilazwa kwenye la mianzi, mafunjo na gugumaji.

Baba Otis Kisumu 21:05
Gugumaji? Njooni Dunga huku ziwani na lori, tutawapa na la kubakisha 😂

Mzee Cheruiyot 21:47
Nimesoma yote. Green Belt, lile shirika la Wangari la kupanda miti, haikuwalipa akina mama kwa mche waliopanda. Iliwalipa senti kidogo kwa mche uliopona. Tarehe tatu tuchimbe. Mbuzi wafungwe. Hesabu ya seng'enge iletwe kwa karatasi, si kwa simu.

Kiprono 21:49
Sawa Mzee.

Mama Brayo 21:58
Sawa Mzee. Tutawafunga.

*Jumatano*

Mama Nimo 07:15
Shikamoo Mzee, nimesikia. Basi tarehe tatu ni kuchimba. MCA nitaongea naye, sijui atasemaje. Kitalu wanataka miche iondoke Ijumaa.

Kiprono 07:40
Isitoke. Waombe waiache hapo, wapunguze kivuli na maji kidogo kidogo wiki tatu za mwisho ili izoee jua. Na wanyanyue vifuko kila wiki, mizizi isitoboe kuingia ardhini. Ikitoboa, siku ya kuvuta inakatika na mche unanyauka.

Mama Nimo 07:44
Watataka pesa ya kuweka. Mpaka sasa wametuma watu wanne. Mashimo 60 yanataka mikono, nani ana sururu?

Wafula Nambari 9 09:20
Sururu iko. Mpini hauko.

Nyumba 14 13:06
Nimetuma 150. Ile nyingine nikiona karatasi.