Mjadala: Je, maji ya Bwawa la Thwake yanywewe kabla Mto Nairobi haujasafishwa?

Msimamo wangu nautoa mapema: maji yasifike majumbani mpaka tope la Mto Athi lipimwe wakati wa mafuriko na vipimo viwekwe wazi.

Bwawa hili la Kenya, lililo mpakani mwa Makueni na Kitui na ambalo ujenzi wake ulianza 2018, liko pale Mto Thwake unapoingia Athi, na ukuta wake unapita mita 80. Athi ndio unaopokea mito ya Nairobi, Ngong na Mathare, yaani maji machafu ya viwanda na vyoo vya jiji. Wanaolitetea husema safari ni ndefu, uchafu utaisha njiani. Kwa bakteria kuna ukweli: wengi hufa, na maporomoko ya Fourteen Falls huyatia maji hewa. Lakini risasi, ile metali yenye sumu, haifi. Hushikamana na chembe za udongo wa mfinyanzi, hulala chini mto ukipungua, kisha masika huizoa yote kwa siku chache.

Tutaletewa modeli za kompyuta. Modeli kama SWAT hugawa bonde zima vipande vipande kwa mteremko, udongo na matumizi ya ardhi, kisha hukokotoa kila siku mvua imeteremsha nini mtoni. Ni chombo kizuri, ila sharti kilinganishwe na vipimo halisi, na wapimaji hufika mtoni kwa urahisi wakati wa kiangazi, barabara ikipitika. Ukiilisha maji ya kiangazi tu, itakuonyesha mto mpole ambao haupo.

*Jibu kutoka Makueni:* Ndugu yangu, mama amefukua mchanga wa mto mkavu kutafuta maji tangu nikiwa mdogo. Nairobi tumeisubiri miaka mingapi? Maji yatatibiwa kwanza. Ama unataka tufe kiu tukingoja vipimo?

*Mwanzishaji:* La, ndugu. Nairobi usiingoje, msimu mmoja wa masika watosha kupima. Mtambo wa kawaida huondoa tope na kuua vijidudu, lakini metali zilizoyeyuka zinataka hatua nyingine, na hatua hiyo hujengwa ikijulikana kilichomo. Isitoshe, tope likikaa chini ya bwawa pasipo hewa huachilia fosforasi, chakula cha gugumaji. Bwawa la Nairobi lilijengwa 1953 liwape watu maji. Tope na gugumaji vimelimaliza.

*Jibu kutoka Malindi:* Msitusahau wa chini. Athi wenu ndio Sabaki wetu. Utafiti wa tumbawe la hapa Malindi lenye umri wa miaka 300, uliochapishwa 2007, ulionyesha udongo ulianza kumiminika kwa wingi baharini mwanzoni mwa karne ya 20. Bwawa likizuia tope, matumbawe yatapumua, nami nafurahi. Lakini litazuia na mchanga, na fuo za Mambrui hulishwa na mchanga huohuo. Je, kuna aliyekokotoa bahari itakula ufuo kiasi gani?