Jicho la waya wa winchi: klipu, kusuka kwa mkono au kubanwa kwa presi?

Spana17: Wakuu, nipo Kongwa. Tumesimamisha tripodi juu ya kisima, tunataka kung'oa pampu ya chini na mabomba yake. Waya ni wa milimita 12, nyuzi sita, moyo wa katani. Jicho la zamani, yaani kile kitanzi cha mwisho wa waya, lilianza kutoa miiba nikalikata kwa grainda. Kwenda Dodoma mjini na kurudi ni siku nzima. Mngefanyaje?

FundiBahi: Klipu, mkuu. Zikifungwa sawasawa, jicho linabaki na kama asilimia 80 ya nguvu ya waya. Shida ni kwamba nusu ya ninazoziona zimegeuzwa. Kitako cha klipu chenye meno kinakaa kwenye waya unaobeba mzigo, ile yubolti (bolti ya umbo la U) inabana mkia, yaani ncha iliyokunjwa kurudi. Ukigeuza, yubolti inauma waya unaobeba.

mzee_kreni: Wanangu, sisi tulisuka. Unafungua waya, nyuzi tatu huku, tatu kule, moyo unaubakiza upande mmoja. Unayapishanisha hayo makundi mawili kutengeneza jicho, kisha kila kundi unalilaza kwenye mfereji ulioachwa na lenzake. Linarudi kama halijawahi kufunguliwa, raha kulitazama! Mikia unaizungushia shingoni na kuibana. Vaa glavu za ngozi, uzi ukikuponyoka unarudi usoni.

Spana17: Shikamoo mzee. Hilo linafaa kwa kisima?

mzee_kreni: Marahaba. Kwa kuvuta lori kwenye tope la Bahi, ndiyo. Kuinulia mzigo bila kulibana kwa kola ya chuma, hapana.

Neema_Rigi: Na kuna ule msuko wa kuchomeka kwa sindano, nyuzi zote zikizunguka upande mmoja. Usiuguse hapo. Bomba likining'inia linazunguka, na waya ukizunguka msuko ule unaweza kujifungua. Kola ya chuma inayobanwa kwa presi ndiyo bora kuliko yote, asilimia 90 na zaidi, ila presi huna. Fuata klipu za chuma kilichofuliwa, si zile laini za kutundikia antena.

FundiBahi: Kwa waya huo ni klipu 3 kwa uchache, mkia sentimita 29 au zaidi. Ndani ya jicho weka ile pete ya chuma yenye mfereji. Anza na klipu ya mwisho wa mkia, halafu ya karibu na jicho, kisha ya kati. Ukishauvuta kidogo, kaza tena: waya ukibeba mzigo unakonda, nati zinabaki hewani.

Spana17: Mrejesho. Nilifunga klipu 4 kwa woga wangu. Tuliinua kidogo, tukashusha, nikarudia spana. Nati ya karibu na jicho ilikubali karibu nusu mzunguko, na nilikuwa naapa nimeikaza! Pampu ilitoka saa kumi jioni. Sasa mota inanuka moshi, hiyo naifungulia mada nyingine.