Naombeni ushauri: kilomita 5 na mshikaji wangu Njombe, baridi ya Julai

Wakuu, heshima kwenu. Kuna mshikaji wangu wa Njombe kanichokoza: mwezi wa saba tukimbie kilomita 5 za lami, saa 12 asubuhi, anayeshindwa anachinja mbuzi. Nimeshakubali. Hapa Dar nazimaliza kwa dakika 25 hivi, yeye ananizidi kidogo tu.

Shida ni kwamba mwili wangu umezoea joto. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na msimu huo baadhi ya asubuhi umande unaganda kabisa kwenye majani. Halafu kule ni vilima mtindo mmoja. Jamaa najua ataondoka kwa fujo ili nimfuate nikate pumzi mapema (ndiyo tabia yake, hata kwenye bao).

Waliokimbia Njombe, Makete au Mufindi: mnapasha misuli kwa muda gani kabla ya kuanza? Sweta nilivue mwanzoni au nikishachemka? Glavu zinasaidia? Kifua kikiwaka kwa hewa ya baridi mnafanyaje? Na je, nifike siku chache kabla, au nishuke kwenye basi jioni, kesho yake nikimbie?