Gitaa la kutelezesha kwenye No New York: hii ni bluzi?

SoloMoro
Wakuu, habari za usiku. Mimi ni mpiga solo, nimekulia kwenye muziki wa dansi, ambako ukigusa noti isiyo yake kiongozi anakugeukia hapohapo jukwaani. Sasa wiki nzima nimekwama kwenye nyimbo 4 za Contortions, bendi ya New York, zinazofungua albamu ya No New York, ya 1978. Kuna gitaa linateleza (slaidi, ile ya kuburuza kichupa au chuma juu ya nyuzi) kama la wazee wa bluzi wa Mississippi, ila halitui popote. Linalia tu, na siwezi kuliacha. Hii ni bluzi kweli, au masikio yananidanganya?

Bi Santuri
Masikio yako mazima, kaka. Anayetelezesha ni Pat Place, na alipoingia kwenye bendi hiyo alikuwa hajui gitaa. Son House, mmoja wa wazee hao wa Mississippi, akitelezesha, anaitafuta sauti ya mwimbaji, ile iliyojificha katikati ya noti mbili, halafu anarudi nyumbani, kwenye noti ya msingi. Pat Place kauchukua mtelezo, kaacha kurudi. Nenda chini yake usikilize: besi ya George Scott na drams za Don Christensen zimekaza mwanzo mwisho, mtindo wa fanki wa James Brown kabisa, na mmoja wa nyimbo hizo 4 ni wa James Brown mwenyewe. Msingi umesimama imara, ndiyo maana gitaa na saksafoni ya James Chance, kiongozi wa bendi, vinaweza kupagawa vile bila wimbo kubomoka. Nimeisikiliza miaka mingi na bado mwili unasisimka.

Waya wa Sita
Dada kamaliza. Naongeza la kurekodi: Brian Eno, mtayarishaji wa albamu hiyo, aliwarekodi wakipiga wote kwa pamoja, bila kurudia kuongeza ala juu. Vyombo vinaingiliana, na mimi naona ndiyo uzuri wake.

Ukitaka bluzi iliyo wazi zaidi, tafuta 8 Eyed Spy, bendi ya mwimbaji Lydia Lunch. Besi ni ya George Scott huyohuyo, na wamepiga hata wimbo wa Bo Diddley, mkongwe wa bluzi na rock and roll. Scott alifariki 1980, kwa hiyo rekodi ni chache. Zithamini.

SoloMoro
Asanteni sana. Jana baada ya mazoezi nilivaa kichupa cha dawa ya kikohozi kidoleni, nikamwomba mpiga besi ashike mzunguko mmoja asiuachie. Nikateleza bila kutua. Nilipotaka kuacha, mpiga drams akasema, "Endelea."