MREJESHO: Kreni ya Meccano, ndoano haiporomoki tena

Wadau nimerudi. Niliuliza kuhusu seti ya zamani ya Meccano (vile vipande vya chuma vya kuchezea vya kuunganisha kwa bolti na nati) niliyonunua mtumba hapa Leicester, kreni inainua vizuri ila ukiachia mkono wa kuzungushia tu ndoano inaporomoka puu. Aliyeniambia nicheki gia za winchi (sehemu inayokunja uzi wa ndoano), ubarikiwe sana, alikuwepo mtu kafunga gia ya meno 19 na ya meno 57, yani moja kwa tatu, sasa hapo nini kitazuia mzigo? Nimetoa ile ndogo nikaweka gia ya skrubu, shafti yake ikabidi ikae kukingama, na kwa vile matundu yote yameachana nusu inchi kila kitu kikaingia bila kutoboa popote. Sasa nazungusha mara 57 ndo ngoma ya uzi inazunguka mara moja, polepole kwelikweli, ila ukiachia mzigo unabaki hapohapo juu maana gia kubwa haiwezi kuisukuma skrubu irudi nyuma. Nampenda sana Frank Hornby wa Liverpool, aliyebuni Meccano, hataza yake ni ya 1901, na wazo lenyewe lilianzia kwenye kreni aliyowatengenezea wanawe. Bado kapi moja ina kutu, nimeiloweka kwenye mafuta. Asanteni sana wote.