Mrejesho: yule bibi jirani, Kikwajuni, Zanzibar

Ndugu zangu, niliuliza kama niendelee kumchotea maji na kumpelekea uji bibi jirani, mgonjwa wa miguu, asiyeitikia hata salamu, huku wanawe wakidhani nataka kumbadili dini. Ahsanteni sana.

Aliyenielekeza Wagalatia 6 Mungu ambariki. Mstari wa 9, wa kutochoka, niliujua tangu utotoni. Wa 10 ndio ulionishika: "tuwatendee watu wote mema". Wote! Nasali Mkunazini, kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873, na pale neno "wote" lina uzito wake.

Basi nikapiga hodi kwa mwanawe mkubwa. Nikamwambia: kaka, sidai kitu, na habari za dini sizungumzi nisipoulizwa. Alinyamaza kitambo, kisha akaniomba nisiache, maana yeye hushinda bandarini na mkewe ana mtoto mchanga.

Kwa hiyo naendelea. Bibi bado kimya, na siku nyingine inauma kweli, hasa nikitoka kazini nimechoka. Huomba nikiwa njiani. Ramadhani ikifika uji nitaupeleka kabla ya magharibi, wafuturu wote nyumbani. Mkewe ameshaniambia wanapenda wenye pilipili manga.