Mrejesho: kukandwa nyayo nikiwa mjamzito

Wapendwa, niliuliza kama rifleksolojia (kubonyezwa sehemu maalum za nyayo) inafaa kwa mimba ya wiki 30, miguu imevimba na usingizi sipati. Asanteni sana, hasa dada aliyesisitiza nianzie kliniki. Nilipimwa presha na mkojo: presha 110/70, protini hakuna. Ndipo nikaenda kukandwa, Jumamosi 4 mfululizo. Nililalia ubavu wa kushoto, mama anayekanda akanibonyeza unyayo polepole kwa dole gumba na mafuta ya nazi. Usingizi umerudi jamani! Ila uvimbe uko palepale, ndala za mume wangu ndizo zinanitosha. Kuinua miguu juu ya mto kumesaidia kidogo. Ukivimba uso, kichwa kikagonga au macho yakaona ukungu, usiende kukandwa, wahi hospitali. Jumamosi hii naenda tena, kwa ajili ya usingizi tu.